UZI: Umeumia mguu kwa skii ya slalomu? Kabla urudi majini soma hii ya baindingi

Kapteni_Dunga (mleta uzi)

Wadau wa maji, salamu kutoka Kisumu. Kwa wageni, slalomu ni ile ya kuvutwa na boti ukiwa kwa skii moja, miguu yote miwili juu yake. Hii uzi ni ndefu, kwa hivyo kama uko na haraka shika hii moja tu halafu wengine tuendelee: mtu akitoka kwa jeraha la mguu, kitu ya kwanza anafanya akirudi kwa skii ni kukaza buti. Anaskia kifundo bado ni kinyonge so anavuta kamba mpaka mwisho ndio kishikwe vizuri, na hiyo ndio njia ya haraka ya kurudi kwa plasta. Baindingi, yaani buti na vile zinashikwa kwa skii, iko na kazi mbili, kukushika ukiwa umesimama na kukuachia ukianguka, na ni hiyo ya pili inaokoa mfupa.

Naandika pia juu karibu ushauri wote tunasoma kuhusu hii mchezo umeandikiwa watu wa Florida huko wako na maziwa yamechimbwa makusudi ya slalomu, maji safi, hakuna kitu inaelea. Sisi ghuba ya Winam tuko na magugu. Lile zulia kubwa la magugu kila mtu analiona na dereva analikwepa, shida ni kale kapande kadogo kamezama nusu, ama kipande cha wavu kimekatika kwa wavuvi wa omena. Fini, lile pezi la chini ya mkia wa skii, ikishika hapo skii inasimama papo hapo na wewe bado uko kwa spidi ya 50 na kitu kwa saa. Unaruka mbele juu ya pua ya skii. Kwa kozi ya mashindano wanaume wanavutwa mpaka kilomita 58 kwa saa na wanawake 55, sasa hata kama wewe unajifurahisha tu nyuma ya boti ya rafiki hauko mbali na hiyo.

Angalia kile kinatendeka mguuni hapo. Mwili unaenda mbele, skii imebaki, kwa hivyo kifundo cha mguu wa mbele kinakunjwa kwa nguvu na ule mshipa mnene wa nyuma ya kisigino, Achilles, unavutwa kama umekaza tayari. Kama buti haijaachia hapo, kinachokatika ni huo mshipa ama kifundo chenyewe. Na kama mguu mmoja umetoka na mwingine umebaki, hapo ndio mbaya zaidi, juu skii ya mtu mzima ni inchi 66 mpaka 68 hivi, na maji yakiipindua na mguu wako uko ndani, skii imekuwa spana na muundi wako ndio nati. Mfupa unavunjika kwa kujipinda, ufa unazunguka kwenda juu. Ndio maana swali la kwanza la kuuliza kuhusu baindingi yoyote si "inashika aje", ni "miguu yote miwili inatoka pamoja ama inaweza kutoka mmoja?"

Aina ziko kadhaa na sitazieleza zote sawa juu huku kwetu nyingi hatuzioni. Zile za raba za zamani mguu unateleza kutoka ndani ya raba, na zinafanya kazi vizuri zikiwa laini na zimelowa. Kuna buti za kisasa laini za kufunga kwa kamba, zimefungwa kwa pleti, na hapo kutoka kwa mguu kunategemea vile umefunga kamba, yaani wewe mwenyewe ndio umeamua. Kuna buti ngumu kama za Reflex ambazo ya mbele inaachia kwa chuma kama skii za theluji, buti inatoka pamoja na mguu. Na kuna ule mfumo Goode walipigia debe sana, buti zote mbili zimekaa kwa pleti moja na pleti imeshikwa kwa skii na Dual Lock, ile ya 3M inayofanana na velkro ngumu, so ukianguka vibaya pleti nzima inabanduka na miguu inatoka pamoja. Mimi naipenda hiyo fikra ya mwisho, ama yote ama hakuna.

Sasa ile yenye iliniumiza. Ilikuwa buti mbili za raba, skii ya mitumba, niliuziwa ikiwa imeshonwa. Buti ya mbele iliachia, ya nyuma ikakataa, mfupa ukaenda. Baadaye nikiwa nimekaa nyumbani na magongo nilichukua kisu nikafungua ile buti ya nyuma, nikapata raba ya kisigino ilikuwa imetolewa ikawekwa raba ya tairi, ile ya kutengeneza akala. Ndani ungeona hata mistari ya tairi. Imeshonwa vizuri sana, uzi mara mbili, gundi safi, fundi wa viatu alifanya kazi yake vile anajua, lakini raba ya tairi iko na nyuzi ndani, haivutiki. Kiatu cha kutembea kinatakiwa kisiachie mguu kamwe. Buti ya skii inatakiwa iachie. Hakuna mtu alimwambia fundi hiyo tofauti.

Kwa hivyo tafadhali, kama unanunua skii imetumika, ama ndugu yako amekuletea kutoka majuu, geuza raba ya kisigino ndani nje na uivute na vidole. Ikiwa na nyufa ndogondogo kama matope yaliyokauka, jua limeimaliza, tupa. Ikiwa haivutiki kabisa, tupa. Angalia skrubu zote na uzikaze na bisibisi ya mkono kila asubuhi kabla ya kuingia, juu zinalegea na mtetemo, na ziwe za stenlesi, zile za kawaida za hadiwea zinashika kutu na kichwa kinakatika siku unataka kuitoa. Dual Lock ikiwa imejaa mchanga haishiki ipasavyo, ioshe na burashi, na vile vijiti vyake vikianza kulala badilisha. Skii usiiache juani kwa gati mchana kutwa.

Halafu jaribu kwa nyasi. Vaa skii mahali laini, miguu ikiwa imelowa vile itakuwa ziwani, mwenzako akanyage mkia wa skii na mwingine asimame mbele yako akushike mikono, uegemee mbele polepole. Kisigino kinatakiwa kianze kuinuka kabla uskie maumivu kwa Achilles. Kikikataa legeza kamba ya juu, usilegeze ya chini kwanza, juu ile ya juu ndio inafunga kifundo. Kwa buti ya kamba kipimo changu ni hiki: uweze kuutoa mguu mwenyewe ukiwa umekaa, kwa kuvuta kwa nguvu kiasi, bila kufungua kamba. Sabuni ya maji na maji ndio ya kuingilia. Ukihitaji kulegeza kamba ndio utoke, hiyo skii haikuachii ukianguka.

Kuhusu kurudi baada ya kuumia nitaandika chini, kwanza niskie wengine.

NaivashaAsubuhi

Uzi mzuri kapteni. Mimi niko Nax (Nakuru) lakini maji yangu ni Naivasha, huko tunatoka mapema kabla upepo wa mchana uanze. Nakubaliana na mengi lakini hapo kwa buti mbili napinga kidogo. Mguu wa nyuma mimi naweka kwa kile kikanyagio cha mkanda tu, vidole vinaingia chini ya mkanda na kisigino kiko wazi. Ukianguka mguu wa nyuma unatoka kabla hata ufikirie. Nimeona watu wengi wakiwa na buti mbili kamili wakivunjika, na ukiwa na mkanda nyuma hata kuanza kwa maji marefu ni rahisi, unaburuta mguu wa nyuma kama usukani mpaka usimame ndio unauingiza.

Kapteni_Dunga

Mkuu sikupingi, mkanda nyuma ni mzuri na kwa mtu anarudi kutoka jeraha la mguu wa nyuma ningesema aanze na huo. Lakini fikiria upande wa pili, mguu wa nyuma umetoka mapema na wa mbele bado uko ndani ya buti imekazwa. Sasa mguu mmoja umebeba skii yote. Kwa hivyo ukichagua mkanda nyuma, buti ya mbele lazima iwe ile inaachia rahisi kabisa, na hapo ndio watu wanakosea, wanasema "nyuma ni wazi so mbele nikaze ndio nisipoteze skii". Ni ile ile sheria, mguu wowote usiachwe peke yake ndani.

NaivashaAsubuhi

Hapo sawa, hiyo nimekubali. Mbele yangu ni laini, lakini najua wawili watatu hapa South Lake Road wanahitaji kusoma hii.

Fizio_Milimani

Habari zenu. Mimi ni fizio, naona miguu kila siku, mingi ni ya bodaboda na mpira lakini ya maji pia inakuja. Naomba niongeze ile sehemu watu hawaijui.

Ukianguka ukaskia "pa!" nyuma ya kisigino kama mtu amekupiga teke, na ukigeuka hakuna mtu, hiyo ni Achilles mpaka ithibitishwe sivyo. Wengi wanadanganyika kwa sababu bado wanaweza kusukuma vidole chini kidogo na kutembea wakichechemea, wanakaa nyumbani na mafuta ya kuchua. Kipimo chake ni rahisi: lala kifudifudi kwa meza au kitanda, miguu ining'inie kwenye ukingo, mwenzako afinye ule msuli mnene wa nyuma ya mguu. Mguu usioumia ukifinywa, wayo unasogea wenyewe kuelekea chini. Upande ulioumia ukitulia tu hausogei, enda hospitali siku hiyo. Sio lazima upasuliwe, kuna wanaopona vizuri kwa buti maalum yenye kisigino kilichoinuliwa, lakini hiyo inataka ianzwe mapema.

Kifundo nacho: kama ukibonyeza mfupa wenyewe nyuma ya lile jicho la mguu, ndani ama nje, kuna maumivu makali, ama huwezi kupiga hatua nne, piga picha. Usiseme "nimeteguka tu".

Na kuna ile ya paja. Huyu ni mtu anaanza, yuko majini, boti inavuta, ananyoosha magoti haraka na kuinama mbele. Msuli wa nyuma ya paja unang'oka kwa mfupa wa kukalia. Skii na baindingi hazina makosa hapo. Baada ya siku chache nyuma ya paja panageuka rangi ya zambarau mpaka karibu na goti na kukaa kwa kiti ni shida. Usisubiri miezi, ikiwa umeng'oka wote daktari wa mifupa anataka kukuona ndani ya wiki chache za kwanza, baadaye msuli unajikunja juu na kuushona ni kazi kubwa.

Na hii nawaomba mshike sana: mguu umevunjika, umefura, na maumivu yanazidi kuliko vile yanafaa, dawa haiyashiki, ukivutwa vidole unalia, mguu ni mgumu kama ubao na vidole vinakufa ganzi. Presha imejaa ndani ya misuli na damu haipiti vizuri. Ni dharura ya saa chache. Ukiwa kwa plasta na hiyo inaanza, rudi hospitali usiku huo huo, plasta ipasuliwe.

KijanaKondele

Daktari asante sana. Mimi nilivunjika kifundo, nikawekwa pleti na skrubu, plasta ilitolewa kitambo na picha ya mwisho daktari alisema mfupa umeshika. Shida mguu unafura jioni nikishinda nimesimama, na nikitembea kwa changarawe naskia kama utateguka. Nataka kurudi kwa skii Desemba wakati mabinamu wamekuja. Swali langu, naweza vaa ile soksi ngumu ya kushika kifundo ndani ya buti ya skii? Ama nikaze tu buti kama kapteni anavyokataza 🙏

Kapteni_Dunga

Omera hapana, na hapana. Hiyo soksi ngumu inajaza buti, mguu unabanwa na hautelezi kutoka, ni sawa na kukaza. Kama unahitaji soksi kusimama, mguu bado si wa skii. Vaa soksi yako kwa changarawe na kwa mazoezi, ziwani mguu uingie mtupu.

Fizio_Milimani

Kijana, kufura jioni miezi kadhaa baada ya kifundo kuvunjika ni kawaida, inua mguu juu ya usawa wa moyo ukirudi nyumbani. Kile kinanishtua ni hiyo ya kuskia utateguka. Mfupa wa kifundo huwa unashika ndani ya wiki 6 mpaka 12 hivi, lakini balansi na nguvu hazirudi na mfupa, hizo unazitafuta wewe.

Fanya hivi leo. Simama mbele ya ukuta, vidole karibu na ukuta, kisigino chini, piga goti lifike ukutani. Sogea nyuma kidogo kidogo mpaka mahali goti bado linagusa bila kisigino kuinuka, pima. Rudia mguu mwingine. Kama ulioumia uko nyuma kwa upana wa vidole viwili vitatu hivi, kifundo bado kimekauka, na kwa slalomu goti la mbele linakunjwa hivyo hivyo wakati wote, so skii itakulazimisha mahali mguu haufiki. Halafu simama na mguu mmoja uinuke kwa vidole, polepole, mpaka uchoke. Mtu mzima mwenye afya anafika 25 hivi. Linganisha na mzima wako, ukifika karibu kabisa na huo mwingine tuongee. Halafu kusimama mguu mmoja ukiwa umefunga macho, na mwisho kuruka mguu mmoja mbele na pembeni bila uoga. Uoga ni kipimo pia, mwili unajua.

Na nguvu ya paja usisahau, ukikaa na magongo paja linapungua haraka kushinda kila kitu.

KijanaKondele

Nimefanya ya ukuta sasa hivi. Tofauti ni vidole vitatu. Ya vidole nimefika nane mguu ukatetemeka 😔

Fizio_Milimani

Basi umejua pa kuanzia. Kila siku, asubuhi na jioni, anza na miguu yote miwili ukishikilia meza, halafu uzito uuhamishe kidogo kidogo. Maumivu kidogo sawa, lakini yakibaki mpaka asubuhi umezidisha. Sikuambii Desemba haiwezekani, nakuambia mguu ndio utasema.

MamaWaBoti

Mimi ndio huendesha boti, wanangu ndio wanapiga skii. Wengi mnaongea ya buti, mimi niongee ya dakika tano za kwanza maana hapo pia mguu unaharibiwa.

Boti iwe na watu wawili, dereva na wa kutazama nyuma. Mtu akianguka na hainui mkono, rudi polepole, injini izimwe kabisa kabla umguse, propela haina huruma. Laifjaketi itamshikilia, mwambie alale chali. Kama mguu bado uko kwa buti usivute skii! Fungua kamba zote mpaka chini, shika mguu juu na chini ya palipoumia, mwingine ndio atoe skii. Mara moja nilifunga mguu wa kijana na kasia na leso mbili, moja juu ya goti moja kwa kifundo, na daktari akasema vizuri. Vidole viachwe wazi uone kama vina joto na rangi. Na wale wa nchi kavu wanakimbia na chai ya sukari, msimpe kitu mdomoni, akihitajika thieta watamchelewesha kwa ajili ya hiyo chai. Kutoka Dunga mpaka Russia, ile hospitali kubwa ya rufaa ya Kisumu, si mbali, gari iwe imeshapigiwa simu mkiwa bado majini.

Kama kuna kidonda wazi mwambieni daktari kimeingia maji ya ziwa, na sindano ya tetanasi. Na baada ya operesheni mtu asirudi ziwani mshono ukiwa bado haujafunga, jamani.

KakamegaGreen

Asante mama. Swali labda ni la kijinga lakini nyumbani wazee wanasema mguu ukivunjika upelekwe kwa mzee wa kukanda, ati hospitali wanaweka vyuma bure. Mjomba alikandwa na anatembea.

Fizio_Milimani

Si swali la kijinga, nalisikia kila wiki. Kuna mivunjiko midogo ambayo haijasogea na ingepona hata bila kukandwa, hao ndio mnawaona wanatembea. Ule wa kujipinda alioeleza kapteni umesogea, ukikandwa ncha za mfupa zinakata nyama na mishipa, na ukifungwa na vijiti kwa kukaza sana damu inakatika. Nimeona vidole vimekuwa vyeusi. Heshimu mzee, msalimie, lakini picha kwanza. Kukanda msuli baada ya mfupa kushika, hiyo hata sisi tunafanya.

Kapteni_Dunga

Nilisema nitaandika ya kurudi, dada fizio ameshafanya kazi ngumu so yangu ni ya maji tu. Mguu ukishapita ile mitihani yake, siku za kwanza usishike slalomu. Chukua skii mbili, kamba ndefu, spidi ya chini ya ile umezoea, maji ya asubuhi yakiwa yametulia, na mwambie dereva avute polepole akianza, hiyo peke yake inaokoa paja na kifundo. Ukiwa kwa skii mbili jifunze kuinua moja kidogo, ujue kila mguu unajisikia aje peke yake. Ukitulia hapo ndio uende skii moja, bila maboya ya kozi, yale ya kuzungukia. Maboya yanakufanya ufikirie boya badala ya mguu, unachelewa zamu, unajirusha, ndio unaanguka.

Mguu uliokonda kwa plasta pia unabadilisha saizi. Buti iliyokutosha kabla ya ajali sasa inaweza kupwaya, na hapo tena kishawishi cha kukaza. Weka soli nyembamba ndani ama tafuta buti ndogo, na urudie ile ya nyasi kila mara umebadilisha kitu. Msuli ukirudi utahitaji kuibadilisha tena, hiyo ni kawaida.

Na ukianguka achia hendeli. Wengi wanaumia kwa kung'ang'ania kamba skii ikiwa imeshashikwa na magugu.

KijanaKondele

Kapteni naweza kuleta skii yangu Jumamosi uiangalie? Nakuja kuangalia buti tu, siingii majini. Ni ya raba, mbele na nyuma, na skrubu moja ya pleti ya nyuma ilipotea nikaweka nyingine.

Kapteni_Dunga

Leta, tutakuwa kwa nyasi upande wa Hippo Point asubuhi, MamaWaBoti pia atakuwa. Beba kaptura na chupa ya sabuni ya maji. Hiyo skrubu mpya usiikaze tena mpaka niione, ikiwa ndefu kushinda zile za kwanza inapita shimo lake na kupasua skii kwa chini. Na ukipata moja ya zile za zamani beba pia tupime nayo.